Shilingi Mia Yenu Imezaa Ngapi Mwaka Huu?



Machi ni mwezi wa mahesabu. SACCO nyingi hufanya mikutano yao mikuu wakati huu, wanachama hupewa karatasi za akiba zao, na mvua ya kwanza hutukumbusha mbegu na mbolea. Ndipo katika nyumba nyingi mazungumzo ya pesa huanza. Mara nyingi huanza vizuri na kwisha vibaya.

Tuwachukue mume na mke wa hapa Amagoro, karibu na barabara iendayo Malaba. Si watu fulani unaowajua, ni mfano tu, ingawa huenda ukajiona ndani yao. Mke ni mwalimu, naye huweka akiba katika SACCO. Mume ana pikipiki ya bodaboda. Haendeshi mwenyewe, amempa kijana wa jirani, na kila jioni kijana humletea shilingi 300. Jioni moja, baada ya chakula, mume anasema:

"Mama watoto, nimepiga hesabu. Pikipiki niliinunua 180,000, na kwa mwaka mmoja imeniletea 93,600. Hiyo ni hamsini na mbili kwa mia. Jitoe katika ile SACCO, tununue pikipiki ya pili."

Mke anakwenda chumbani, anarudi na karatasi yake.

"Baba watoto, hata mimi nimepiga hesabu. Nilianza mwaka na 120,000, sasa nina 155,880. Imeongezeka 35,880, karibu thelathini kwa mia, na mimi sinunui matairi. Tena nikijitoa, karo ya muhula ujao nitakopa wapi?"

"Lakini hamsini na mbili si zaidi ya thelathini?"

Mke hana jibu. Usiku huo wanalala wamegeuziana migongo.

Msomaji mpendwa, ungeitwa kuwaamua ungesema nani ana haki? Hesabu ya mume inaonekana safi, na ya mke vilevile. Lakini wote wawili wamekosea, na wamekosea sana. Pikipiki haikuleta hamsini na mbili, wala akiba haikuleta thelathini. Karo ya watoto iko karibu kuhamishwa kwa sababu ya namba mbili zisizo za kweli. Somo letu la leo ni jinsi ya kuzipata namba za kweli. Halihitaji zaidi ya hesabu ya shule ya msingi, daftari moja, na watu wawili walio tayari kuambiana ukweli.

KIPIMO KIMOJA KWA VITU VYOTE

Huwezi kulinganisha gunia la mahindi na mtungi wa maziwa mpaka uwe na mizani moja. Mizani ya mali ni swali hili: kila shilingi mia tuliyoweka mahali hapa imezaa shilingi ngapi kwa mwaka mmoja, baada ya kuondoa gharama zote?

Sikilizeni vizuri sehemu zake tatu. Kwanza, kila mia, maana 10,000 iliyotoka katika 50,000 si sawa na 10,000 iliyotoka katika 500,000. Pili, kwa mwaka, maana faida ya miezi minne haiwezi kupimwa na faida ya miaka mitatu. Tatu, baada ya gharama zote, na hapo ndipo mume wetu alipoteleza.

Tuifungue hesabu ya pikipiki. Kijana alileta 300 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 12, jumla 93,600. Hiyo ni kweli. Lakini katika mwaka uleule mume alilipa bima 5,800, oili na huduma za kila mwezi 12,000, matairi, cheni na breki 11,000, na siku injini ilipogoma akampa fundi 9,000. Jumla ya gharama ni 37,800. Kwa hiyo kilichobaki mfukoni ni 55,800.

Je, tumemaliza? Bado. Pikipiki ya 180,000 imekimbia mwaka mzima katika vumbi na matope. Leo mnunuzi akija hatatoa 180,000. Tuseme atatoa 135,000. Ile 45,000 iliyopungua ni gharama pia, ijapokuwa hakuna aliyekuja kuidai. Ukitoa 45,000 katika 55,800 unabaki na 10,800. Gawanya kwa 180,000: ni shilingi 6 kwa kila mia.

Kutoka hamsini na mbili mpaka sita! Mume hakudanganya. Alihesabu kilichoingia, akasahau kilichotoka na kilichochakaa. Wenye mashine za kusaga, wenye matatu na wenye vyumba vya kupanga hukosea vivyo hivyo.

Na kama mume angeendesha pikipiki mwenyewe? Angeleta pesa nyingi zaidi nyumbani, lakini sehemu kubwa ingekuwa mshahara wa jasho lake, si uzao wa pikipiki. Mama anayeuza samaki sokoni kutoka alfajiri naye ajiulize: kama ningemwajiri mtu afanye kazi hii, ningemlipa ngapi? Itoe hiyo kwanza. Kinachobaki ndicho mtaji ulichozaa.

AKIBA ULIYOIONGEZA SI FAIDA

Sasa tumgeukie mke, asije akacheka mapema.

Akiba yake ilitoka 120,000 ikafika 155,880. Lakini katika mwaka huo aliweka 2,000 kila mwezi kutoka katika mshahara wake, jumla 24,000. Hizo hazikuzaliwa na SACCO, alizileta mwenyewe. Ukiziondoa, kilichozaliwa ni 11,880 peke yake.

Je, tugawanye kwa ngapi? Si kwa 120,000, maana pesa nyingine ziliingia baadaye. Wala si kwa 144,000, maana ile 2,000 ya Desemba haikufanya kazi mwaka mzima. Njia rahisi ni hii: chukua pesa za mwanzo, ongeza nusu ya zile ulizoweka kidogo kidogo katika mwaka. Yaani 120,000 na 12,000, jumla 132,000. Ukigawanya 11,880 kwa 132,000 unapata shilingi 9 kwa kila mia.

Basi ukweli ni huu: pikipiki sita, SACCO tisa. Mume alitaka kuhamisha pesa kutoka mahali panapozaa tisa kwenda mahali panapozaa sita, akiamini anakwenda kwenye hamsini na mbili. Mke naye alijivunia thelathini ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mshahara wake mwenyewe.

Kosa hili la mke ndilo linalotuficha ukweli wa vyama vyetu vya kuchangiana. Katika merigoraundi ya kina mama, mwezi unapofika zamu yako unapokea kitita, nyumba inafurahi. Lakini kitita hicho ni michango yako mwenyewe uliyotoa au utakayotoa. Uzao wake ni sifuri. Sisemi uache, maana kinakufunza kuweka na kinakupa marafiki wa siku ya msiba. Nasema usikiandike katika safu ya faida.

MIEZI MINNE SI MWAKA

Wengi wetu hapa mpakani tunafanya biashara ya nafaka. Mtu ananunua mahindi wakati wa mavuno, anayahifadhi miezi minne, anauza na kupata faida safi ya 12 kwa mia. Anasema, "Mara tatu kwa mwaka, ni thelathini na sita." Je, kweli alinunua mara tatu? Kama baada ya kuuza pesa zilikaa bila kazi mpaka mavuno mengine, uzao wake wa mwaka ni 12, si 36. Hesabu kazi iliyofanyika, usihesabu uliyotamani ifanyike.

Kwa upande wa madeni mambo ni kinyume, maana deni halipumziki. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa asilimia 7.5. Saba na nusu inasikika ndogo. Lakini anayekopa, akalipa, akakopa tena kila mwezi kwa ada hiyo, kwa mwaka anatoa 90 katika kila mia. Hakuna ng'ombe, pikipiki wala hisa ya kushindana na hapo. Kwa hiyo mwenye madeni ya namna hiyo asitafute pa kuwekeza. Kulipa deni lake ndiko uwekezaji bora kuliko wote.

NG'OMBE MMOJA SI ZIZI

Tuseme mtu alinunua ndama dume Januari kwa 35,000. Chumvi, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na malipo ya mchungaji vikala 9,750. Desemba akamwuza 50,000. Faida ni 5,250, yaani 15 kwa mia. Vizuri sana! Mwaka unaofuata anauza vitu vya nyumbani na kununua ndama watano.

Mmoja anakufa. Wanne wanauzwa kwa bei ileile, anapata 200,000. Lakini wote watano walimgharimu 175,000 kuwanunua na 48,750 kuwalisha na kuwatibu. Amepoteza 23,750, karibu 14 kwa mia. Kifo cha mmoja kimemeza faida ya wanne na kuendelea kula.

Fundisho si kwamba ng'ombe ni wabaya. Fundisho ni kwamba uzao wa mara moja wa mnyama aliyepona haukuonyeshi uzao wa zizi. Ukitaka kujua kitu kinazaa ngapi, usimwulize aliyefanikiwa peke yake. Muulize na jirani ambaye zizi lake ni tupu. Na mkisikia bwana fulani alitajirika kwa muhogo au kwa kuku, ulizeni wangapi walianza pamoja naye.

MWAKA MMOJA HAUTOSHI

Wengi wenu mnaikumbuka mwaka 2008, Serikali ilipowauzia watu robo ya kampuni ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa. Walioomba walizidi 800,000, wengine kwa pesa za mkopo, na kwa kuwa maombi yalikuwa mengi kupita hisa, watu wengi walipata sehemu ndogo tu ya walichoomba. Mwezi wa Juni hisa zilipoanza kuuzwa sokoni Nairobi zilipanda kwanza. Kisha, kabla ya mwaka kwisha, zikashuka chini ya zile 5. Waliokopa wakauza kwa uchungu. Waliokuwa na subira waliona mwaka 2021 bei ikipita 40.

Basi angalieni mwisho wa miaka iliyofuata. Mwisho wa 2021 hisa moja ilikuwa karibu 38, mwisho wa 2022 karibu 24, mwisho wa 2023 karibu 14, mwisho wa 2024 karibu 17. Ukiutazama mwaka 2024 peke yake utasema, "Zimepanda 21 kwa mia, hakuna kama hizi!" Ukiutazama 2022 peke yake utasema, "Zimeanguka 37 kwa mia, kimbieni!" Na aliyenunua mwisho wa 2021, hata baada ya mwaka mzuri wa 2024, bado alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya bei aliyolipa.

Hapa pana mambo mawili ya kushika.

La kwanza, kupanda na kushuka havifutani. Mia ikipanda kwa asilimia 50 inakuwa 150. Ikishuka kwa asilimia 50 haibaki mia, inakuwa 75. Anayesema "nilipata hamsini, nikapoteza hamsini, niko palepale" amepoteza robo ya pesa zake bila kujua.

La pili, pimeni kwa bei ya leo, si ya zamani. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024, Safaricom iligawa shilingi 1.20 kwa kila hisa. Mzee aliyenunua kwa 5 anasema, "Hisa zangu zinanipa 24 kwa mia kila mwaka." Si hivyo. Kama mwisho wa 2024 angeweza kuiuza hisa hiyo kwa 17, basi alikuwa ameketi juu ya 17, na 1.20 katika 17 ni karibu 7 kwa mia. Swali lake ni hili: hii 17, ingekuwa mahali pengine, ingezaa ngapi? Wenye viwanja vya zamani Malaba nao wajiulize vivyo hivyo.

SHILINGI MBILI, MPAKA MMOJA

Sisi wa Malaba na Busia tuna jambo ambalo watu wa bara hawalifikirii. Wengi wetu tuna pesa pande zote mbili za mpaka: mama ana duka upande wa Kenya na akiba upande wa Uganda, au mume amekopesha mwenzake kwa shilingi za Uganda. Chagueni shilingi moja ya kuhesabia, kwa kawaida ile mnayolipia karo, na mgeuze kila kitu kwa hiyo.

Angalieni mwaka 2024. Mwezi wa Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na shilingi yetu moja ilinunua karibu 24 za Uganda. Katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka mpaka karibu 130, na shilingi yetu ikanunua zaidi ya 28. Aliyekuwa na milioni moja ya Uganda Januari alikuwa na kama 42,000 za Kenya. Miezi sita baadaye, milioni ileile ilikuwa kama 35,000. Hata kama ng'ambo alipewa riba nzuri, hapa nyumbani alikuwa amepoteza. Mwaka mwingine upepo unaweza kugeuka ukampendelea yeye. Ndiyo sababu ya kuandika bei ya kubadilishia siku ya kwanza na siku ya mwisho ya mwaka.

BEI ZA VITU NAZO ZINAKULA

Shilingi mia imezaa tisa. Lakini je, ile 109 inanunua nini? Kwa wastani bei za vitu nchini Kenya zilipanda asilimia 7.7 mwaka 2023, na asilimia 4.5 mwaka 2024. Kwa hiyo anayepata tisa, katika mwaka wa kwanza ameongeza nguvu kidogo tu, zaidi ya moja. Katika mwaka wa pili ameongeza kama nne na nusu. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, bei zilipopanda kama 46 kwa mia. Aliyeficha pesa chini ya godoro mwaka ule hakuibiwa na mtu, lakini karibu theluthi ya nguvu ya pesa zake ilipotea.

Basi uzao wa kweli ni ule unaobaki baada ya bei kupanda. Pikipiki ya sita katika mwaka wa saba na nukta saba imerudi nyuma, hata kama kila jioni ilileta noti.

Pia mnahitaji kipimo cha kulinganishia. Kizuri ni kile ambacho Serikali huwalipa wanaoikopesha kupitia Benki Kuu kwa hati za siku 91, 182 na 364. Mwaka 2024 hati ya siku 364 ilipita asilimia 16. Katika mwaka 2025 ilishuka chini ya 10. Riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15, kwa hiyo 16 inabaki kama 13 na nusu. Jiulizeni: kama pesa inayokaa tu inapata hivi, biashara inayotuamsha saa kumi usiku inatupa ngapi zaidi? Ikiwa inatupa chini, tuwe na sababu nzuri ya kuendelea nayo.

Na kipimo hicho kitawalinda na jambo jingine. Mtu akija nyumbani kwenu, au hata kanisani baada ya Misa, akiahidi kuzidisha pesa mara mbili kwa miezi michache, mwulizeni: Serikali haizidishi pesa mara mbili hata kwa mwaka mzima, wewe unazipata wapi? Katika miaka ya 2006 na 2007 Wakenya zaidi ya 100,000 walipoteza mabilioni ya shilingi katika miradi ya upatu wa namna hiyo, na mingi ilienea kwa kupitia waumini wa makanisa walioaminiana. Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata, mpaka wafuasi wakaisha. Tamaa mbele, mauti nyuma.

JINSI YA KUKETI PAMOJA

Sasa, bwana na bibi, chukueni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

1. Chagueni siku moja kila mwaka, wakati hakuna mgeni wala haraka. Watoto wakilala, zimeni redio.

2. Kila mmoja aorodheshe kila kitu alichowekeza: akiba, hisa, mifugo, kiwanja, chama, pesa alizokopesha, na madeni pia. Hata kile ambacho mwenzake hakijui. Hapa ndipo penye uchungu. Mke atasikia habari za kiwanja asichokijua, mume atasikia habari za chama cha tatu. Aliyefunua asiadhibiwe kwa kufunua, la sivyo mwakani ataficha vizuri zaidi. Tena kifo hakipigi hodi. Sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kutunza pesa zisizodaiwa na mtu, na humo zimo akiba na hisa za marehemu ambao wajane wao hawakuambiwa kitu.

3. Kwa kila kitu andikeni namba nne: thamani ya mwanzo wa mwaka, mlichoongeza, mlichotoa au gharama, na thamani ya mwisho. Thamani iwe ile ambayo mnunuzi angetoa leo, si ile mnayoitamani.

4. Tafuteni uzao wa kila mia, kisha andikeni pembeni mwaka uliopita na ule wa kabla yake. Miaka mitatu inasema ukweli kuliko mmoja.

5. Msihamishe kitu siku hiyohiyo. Laleni nalo juma moja. Na kama ni shamba au nyumba ya ndoa, kumbukeni kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu kuuza wala kuweka rehani bila idhini ya wote wawili.

6. Namba isiwe fimbo. Mume mwenye pikipiki ya sita si mjinga, wala mke mwenye tisa si mshindi. Mali ni ya nyumba moja. Mkiambiana "yako" na "yangu," mmekwisha kupata hasara isiyoandikwa katika daftari.

Tena kuna vitu ambavyo daftari haliwezi kuvipima. Shamba lenye makaburi ya wazazi halipimwi kwa asilimia. Ng'ombe wa maziwa anayenywesha watoto ana faida isiyopita sokoni. Andikeni hivyo katika daftari: "Hiki tunakiweka kwa sababu hii." Mkijua bei ya sababu yenu, mtaichagua kwa macho yaliyo wazi.

TURUDI AMAGORO

Wale wawili wetu je? Baada ya juma moja waliketi tena, daftari mezani. Walipoona sita na tisa, mume alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama watoto, niliona noti za jioni, sikuiona pikipiki ikizeeka." Mke naye akasema, "Na mimi nilikuwa nikijisifu kwa mshahara wangu."

Hawakuiuza pikipiki, maana yule kijana anamtunza mama yake kwa kazi hiyo, na mume aliona kwamba fundi wa bei nafuu angepunguza gharama. Lakini hawakununua ya pili. Akiba ilibaki SACCO, na karo ya muhula ikakopwa huko. Kutoka mwezi ule mume anaweka 1,500 ya pikipiki kila mwezi katika akaunti ya pekee, ili siku itakapochoka kabisa wasianze na mikono mitupu. Na usiku ule hawakugeuziana migongo.

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akatuonya tuketi kwanza na kuhesabu gharama. Katika ndoa, neno kubwa hapo ni kuketi. Anayehesabu peke yake huona nusu ya hesabu.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Ni kitu gani nyumbani mwetu tunachokisifu sana ambacho hatujawahi kukihesabia gharama na uchakavu?

2. Katika pesa tunazosema zimeongezeka mwaka uliopita, ngapi zilizaliwa na ngapi tuliongeza wenyewe?

3. Kama mmoja wetu angeitwa na Mungu usiku huu, je, mwenzake angejua kila mahali palipo na mali au deni?

4. Ni deni gani linalotula zaidi ya kile ambacho mali yetu yote inazaa?

5. Ni kitu gani tutaendelea kukishika hata kama uzao wake ni mdogo, na kwa sababu gani?